Springi ya Bamba la Kulia

Mtaani walimwita Fundi Nani, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka thelathini hakuna bunduki iliyofunguliwa juu ya meza yake bila yeye kurudi nyuma hatua moja, kushika kiuno, na kuuliza kwa sauti ya mtu aliyeibiwa: "Nani kafanya hivi?" Aliuliza kabla hajaona hata kilichovunjika. Mara nyingine bunduki ilikuwa haijawahi kuguswa na fundi yeyote tangu itoke kiwandani. Akielezwa hivyo, alikitukana kiwanda.

Ugonjwa huo haukuishia kazini. Akienda kunyoa, alimuuliza kinyozi ni mjinga gani aliyemnyoa mara ya mwisho, na kinyozi akamkumbusha kwa upole kwamba mjinga mwenyewe ndiye huyo aliyeshika mkasi. Shati lake likifumuka, alimgeuzia mkewe mshono na kuuliza. Mkewe, ambaye alikwisha choka zamani, alikuwa na jibu moja tu: "Jirani." Kwa hesabu za Fundi Nani, jirani ndiye aliyeshona, aliyepiga rangi na aliyeharibu kila kitu nyumbani mwake, na wala hawakuwa wakisalimiana vizuri.

Tusimpunje haki yake lakini. Fundi alikuwa fundi. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu kwenye korido ya mafundi, leseni ya serikali ikiwa imetundikwa ukutani ndani ya fremu, na tupa zimepangwa kwa ukubwa kuanzia iliyo nene kama kidole gumba hadi iliyo nyembamba kama sindano ya kushonea magunia. Meza zilikuwa mbili. Yake ilikuwa karibu na dirisha. Ya binti yake ilikuwa karibu na mlango, penye mwanga wa kukopa.

Binti alikuwa amefanya kazi miaka minane kwenye meza ile. Vitako vya mbao alivipiga msasa hadi viking'aa, mitutu aliisafisha, skrubu alizichonga mwenyewe. Springi tu ndizo alizokatazwa. Mwaka wa tano alitengeneza moja kwa siri akamletea baba yake. Baba akaibana kwenye jiliwa mbele ya watu, akakaza, akakaza tena, mpaka ikalia "tak!" na kugawanyika. "Nani kakufundisha hivi?" akauliza. Binti akajibu, "Wewe, baba," na siku hiyo hawakusemeshana hadi jioni.

Basi Jumatatu moja akaingia bibi mmoja mjane, mwenye shamba la mahindi nje ya mji, amebeba bunduki ya marisau iliyofungwa ndani ya shuka la maua. Bunduki ilikuwa ya marehemu mumewe, yenye mitutu miwili, ya zamani sana, na sasa leseni ilikuwa kwa jina lake yeye.

"Shikamoo, mama," alisema fundi.

"Marahaba, baba. Mtutu wa kushoto unalia, wa kulia umenuna. Ukivuta, kimya. Na nguruwe wa porini wameshajua. Siku hizi wanaingia shambani kwa upande wa kulia."

Fundi alihakikisha kwanza kwamba mitutu ni mitupu. Bunduki za aina ile hazifichi mashine yake katikati. Kila ubavu una bamba lake la chuma, refu kama kiganja, na mgongoni mwa bamba ndiko viliko vyote: nyundo, vijiti vya kuizuia, na springi kubwa iliyokunjwa kama kibanio cha nyusi. Ukikoki, springi hujibana. Ukivuta kifyatulio, hujiachia na kuirusha nyundo. Akalegeza skrubu, akalitoa bamba la kulia, jeusi kwa mafuta yaliyoganda, na ndani yake springi ilikuwa imekatika vipande viwili palepale kwenye kona.

Akarudi nyuma hatua moja. Akashika kiuno.

"Nani kafanya hivi?"

Bibi alifungua mdomo, akaufunga.

"Tazama, mama. Uone mkwaruzo huu, umepita kukingama! Springi hupigwa tupa kwa urefu, kwa urefu tu, kama unavyochana nywele. Ukipitisha tupa kukingama umeshaichagulia mahali pa kukatikia. Huyu si fundi, huyu ni mkata kuni! Na hii je?" Akanyanyua kwa kibano kipande cha bati kilichokuwa kimewekwa chini ya skrubu. "Kopo! Mtu mzima na akili zake kakata kopo la maziwa akalitia ndani ya bunduki ya watu!"

Fundi Viatu, jirani wa ng'ambo ya korido, alikwisha ingia na kiatu kimoja cha mteja mkononi. Mtu huyu hakupitwa na jambo. Kazi ya viatu aliifanya kwa mikono, masikio yakiwa kazini kwingine.

"Lakini imefanya kazi muda mrefu," bibi alisema.

"Kwa bahati, mama. Kwa bahati na kwa dua zako. Mimi nakuapia hapa, na huyu shahidi: nikimjua aliyefanya uchafu huu, nitamleta mbele yako apige magoti akuombe radhi."

"Apige magoti?"

"Yote mawili!"

Bibi akajifunga kitambaa chake vizuri kichwani na kukohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayezuia kitu kingine. "Haya," alisema. "Nitakuja Ijumaa. Siwezi kukosa."

Alipoondoka, binti aliweka msasa chini. "Baba, hii springi niachie mimi."

"Hii ni springi ya kulia ya bunduki ya zamani. Si ya kujifunzia."

"Kila springi si ya kujifunzia. Ya kujifunzia itatoka lini?" Akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, na fundi akajua kuna neno linakuja. "Yule mwenye karakana ya mageti na madirisha ameniita tena. Anataka nianze Jumatatu. Nimemwambia nitamjibu Ijumaa. Ukinipa springi, nabaki. Usiponipa, nakwenda kuchomelea madirisha."

"Madirisha!" fundi alisema, kama mtu aliyeambiwa mwanawe anaolewa na mwizi.

"Angalau huko nondo ikipinda naruhusiwa kuinyoosha."

 Fundi alivimba, akavaa miwani, akajifanya anatafuta bisibisi ambayo alikuwa ameishika.  Lakini aliitazama ile meza ya karibu na mlango, akaiona kana kwamba imeshakuwa tupu, na hakuipenda hata kidogo.

Jumanne binti alitoka kwenda kununua makaa. Fundi akalitia bamba kwenye bakuli la mafuta ya taa na kulisugua kwa mswaki wa zamani. Uchafu wa miaka ukatoka, chuma kikaanza kuonekana, na kwenye kona ya chini, mahali ambapo mwenye bunduki hawezi kuona maisha yake yote, ikatokea alama ya fundi. Ndivyo walivyofanya mafundi wa kazi ile: kazi ikikwisha na kujaribiwa, fundi huchora alama yake kwa sindano mgongoni mwa bamba, ili fundi atakayefungua baada yake ajue.

"Umepatikana, mshenzi we," alisema Fundi Nani, akalisogeza bamba machoni.

Alama ilikuwa ufunguo mdogo wenye meno mawili.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Ufunguo. Meno mawili. Ulimwengu mzima ni fundi mmoja tu aliyekuwa akichora ufunguo wenye meno mawili, na alikuwa amekaa kwenye stuli ya dirishani, mswaki mkononi. Chini ya ufunguo kulikuwa na mwezi na mwaka, wa miaka thelathini na mmoja iliyopita.

Fikra yake ya kwanza haikuwa nzuri, na hakuna haja ya kuipamba. Alichukua tupa ndogo. Sheria ya kazi ile, isiyoandikwa popote, ni kwamba alama ya fundi haifutwi. Yeye mwenyewe alimhubiria binti yake mara mia: springi ya mtu unaweza kuitupa, alama yake uiache. Akaiweka tupa juu ya ufunguo. Mkono ukakataa. Akaubembeleza, ukakataa tena. Hapo akasikia viatu vya binti kwenye korido, na kwa kuwa hakuwa na pa kulificha bamba, akalikalia.

Sasa, bamba la bunduki mgongoni lina pini za kushikia nyundo na vijiti, na pini hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya kukaliwa. Fundi aliruka kama aliyeumwa na nge.

"Una nini, baba?"

"Mgongo."

"Mgongo uko huko?"

"Weka makaa pale ufanye kazi," alisema fundi, na akatoka kinyumenyume hadi uani.

Jumatano alijifunga kwenye kazi ya springi peke yake. Aliona kwamba akiimaliza kabla ya Ijumaa, bamba likarudi mahali pake na skrubu zikakazwa, basi mambo yote yatalala. Ya kwanza aliipasha moto kupita kiasi, ikapasuka alipoichovya kwenye mafuta. Ya pili alitulia nayo kutwa nzima. Ilitoka nzuri, nyororo, yenye mkunjo ambao ungemfurahisha hata mwalimu wake marehemu. Alipoipeleka kwenye bamba, kipini chake cha pembeni, cha kuishikia kwenye bamba, kikatazama upande usiokuwa na tundu.

Hilo ni kosa ambalo kinyozi hawezi kulifanya, wala mwashi, wala daktari. Mabamba ya bunduki ni mawili, na kila moja ni kama mwenzake akijitazama kwenye kioo. Springi ya kulia ukiitengeneza ya kushoto, inakuwa nzuri kabisa na haifai kitu. Wanaoanza hulifanya kosa hilo mara moja, huchekwa mwaka mzima, wakakoma.

Binti alipita, akaiokota, akaigeuza kwenye mwanga. "Nzuri," alisema. "Ya upande ule mwingine." Akaiweka kwenye sahani ya akiba na kurudi kwenye meza yake, wala hakucheka. Bora angecheka.

Alhamisi asubuhi Fundi Viatu aliingia akiwa amebeba matokeo ya uchunguzi. Tangu Jumatatu alikuwa hajashona hata soli moja.

"Nimewafikia wazee wawili waliokuwa wakifanya kazi hii zamani," alisema. "Mmoja kaapa kwa wajukuu zake hajaigusa bunduki hiyo. Wa pili kalia machozi kwa kushukiwa, nikamnunulia soda. Kwa hiyo anabaki mmoja tu, na samahani kwa kusema: ni marehemu mwalimu wako. Au unasemaje?"

Mlango wa kutorokea ulikuwa umefunguliwa hivyo, mpana, na ulikuwa mwepesi kupita. Marehemu hajibu. Angesema "huenda" tu, neno moja, na Ijumaa wote wangetikisa vichwa, wangemwombea mwalimu msamaha kwa Mungu, na kila mtu angerudi nyumbani. Fundi alifungua mdomo. Akamwona binti yake ameacha kupiga msasa. 

"Nenda kashone viatu vya watu," alisema mwishowe. "Ijumaa utamjua."

Fundi Viatu akaondoka mbio kwenda kuutangazia mtaa kwamba Ijumaa atajulikana.

"Mwanangu, funga mlango," alisema fundi. Akalitoa bamba kwenye droo, akaliweka kwenye meza ya binti, alama ikitazama juu. Binti hata hakuinama.

"Nimeshaiona."

"Lini?"

"Jumanne. Uliporuka, bamba lilikuwa limenasa kwenye suruali. Jioni nilifungua droo."

Fundi akakaa, safari hii kwa kupapasa stuli kwanza. "Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja kuona kama utaifuta."

 Kisha yule Nani wa siku zote akainua kichwa ndani yake, maana ugonjwa wa miaka mingi hauponi kwa siku moja. "Lakini tazama mwezi huo!" alisema. "Tazama mwaka! Ulikuwa na wiki tatu duniani. Ulilia usiku na mchana, hukumpa mtu nafasi hata ya kupiga chafya. Nilikuwa nafanya kazi nimefumba macho. Na lile kopo ni la maziwa yako wewe! Kumbe ni wewe!"

"Kwa hiyo nipo kwenye kazi hii tangu nina wiki tatu," binti alisema, "na springi bado hujanipa."

Fundi akaokota kipande cha springi iliyokatika, akakigeuza mkononi. 

"Sikukunyima kwa sababu huwezi," alisema, na sauti ilikuwa ndogo. "Ile springi yako niliyoivunja ilikuwa nzima. Niliikaza kupita kiasi, nilijua nakaza kupita kiasi. Niliogopa. Siku utakapoweza springi, mimi hapa nitakuwa wa nini?"

 Binti alikuwa na hasira ya miaka mitatu na huruma ya dakika moja, na vyote viwili vilimkaa usoni bila kusukumana. "Utakuwa wa kuuliza nani kafanya hivi," alisema. "Nani mwingine anayeiweza kazi hiyo? Haya, sogea. Nipe dirisha."

Akamhamisha baba yake kutoka kwenye meza ya dirishani. Alikata kipande cha chuma, akakipiga tupa kwa urefu, kwa urefu tu, mkono ukienda na kurudi. Fundi alikuwa ameuma njiti ya kiberiti ili asiseme. Ilipofika kwenye kona aliitafuna ikaisha, akachukua nyingine. Binti akapasha moto, akakunja, akachovya. Springi ikatoka ngumu na kavu kama kioo, ya kuvunjika ukiitazama vibaya. Akaipaka mafuta, akayawasha, akaacha moto uzime wenyewe, ili ugumu upungue. Akarudia. Akarudia mara ya tatu. Kisha akaibana kwenye jiliwa kiasi chake, wala si zaidi, akaiacha hapo hadi kesho.

"Kipini kinatazama wapi?" fundi aliuliza, njiti ya sita mdomoni.

"Kulia, baba."

Ijumaa korido ilijaa. Fundi Viatu alikuwa ameleta viti. Wenye hamu walisimama mlangoni kama wanaongoja daktari atoke. Springi ilikuwa imelala jiliwani na kuamka nzima. Binti alikwisha iweka kwenye bamba, bamba kwenye bunduki, na bibi alipofika akapewa avute mwenyewe, mitutu mitupu. Kushoto, tak. Kulia, tak. Bibi akatabasamu akiwafikiria nguruwe.

"Ahsante. Na yule mtu wangu je? Umempata?"

Fundi Nani akavua miwani, akaitia mfukoni. Akashika ukingo wa meza, akashuka goti moja, halafu la pili, na yote mawili yakalia kwa zamu.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Fundi Viatu alidondosha kiatu.

"Najua ni wewe," alisema bibi. "Nilikuwa nimesimama hapa hapa nilipo. Nilikuja na marehemu mume wangu. Ulikuwa mwembamba, macho mekundu, una kitambaa cha mtoto begani umekisahau. Hata siku ile ulishika kiuno ukauliza nani kafanya hivi. Marehemu akakwambia ni mwalimu wako. Ukageuka rangi." Watu mlangoni walivunjika mbavu. Bibi akangoja watulie. "Springi yako imefanya kazi miaka thelathini na mmoja, baba. Mume wangu hakufika huko. Nilikuwa nataka kukwambia Jumatatu, lakini ulikuwa unajitukana vizuri sana. Haya, nyanyuka."

"Siwezi," alisema fundi.

"Nimekusamehe, nyanyuka."

"Nimesikia, mama. Ni magoti."

Ikabidi Fundi Viatu na mwingine mmoja wamshike kwapani.

Kabla bunduki haijarudi ndani ya shuka la maua, fundi alimzuia bibi kidogo. Akamwambia binti alifungue tena bamba la kulia, akampa sindano ya kuchorea. Binti akainama dirishani kwa muda mrefu. Alipomaliza, kando ya ufunguo wenye meno mawili kulikuwa na mraba mdogo wenye mistari miwili.

"Ndiyo nini?" baba aliuliza.

"Dirisha," alisema binti. "La kule nisikokwenda."

Fundi akasema moshi wa makaa umemwingia machoni. Jiko lilikuwa halijawashwa siku hiyo.

Jumatatu iliyofuata mteja aliingia na bunduki nyingine ya zamani. Fundi Nani alikuwa kwenye meza ya karibu na mlango, anapiga msasa kitako na kulalamikia mwanga. Binti alilegeza skrubu dirishani, akalitoa bamba, akatazama ndani. Akarudi nyuma hatua moja. Mkono ukaenda kiunoni wenyewe.

"Nani ka..."

Akageuka. Baba yake, bila hata kuinuka kwenda kuangalia kama kazi ni yake au si yake, alikuwa ameshanyoosha mkono juu.

"Mimi," alisema.